Mashine ya maabara ya seva pepe nyumbani Nairobi: anza na RAM, kisha tokeni

Anayetaka kujifunza kazi ya seva akiwa nyumbani hahitaji seva. Anahitaji kompyuta moja yenye RAM ya kutosha, diski yenye kasi na matumizi madogo ya stima, kisha programu ya kuigawa iwe mashine pepe (kompyuta za kiprogramu ndani ya kompyuta moja halisi) saba, nane au kumi. Nalisema hili mapema kwa sababu vijana wengi wa fani hii hapa mjini huanzia upande wa pili. Wanaona seva ya rafu, ile pana ya vituo vya data, imeshushwa bei, wanaibeba hadi Roysambu au Umoja, na haipiti muda inazimwa kwa sababu ya kelele na tokeni za stima. Fedha imekwisha na masomo hayajaanza. Hatua zinazofuata zimepangwa ili hilo lisikupate.

Hatua ya 1: Orodhesha mashine pepe zitakazowaka pamoja

Kabla hujapanda ngazi za duka lolote, chukua karatasi uandike kila mashine pepe itakayopaswa kuwaka wakati mmoja na nyingine. Zile utakazowasha Jumamosi kwa jaribio la saa mbili kisha uzizime usizihesabu.

Tuseme unasomea usimamizi wa mifumo, na pia unajenga programu ya kupokea malipo ya M-Pesa. Utataka Windows Server ya kusimamia watumiaji, GB 4. Windows 11 ya kuijaribia, GB 4, ambacho ndicho kiwango cha chini kilichowekwa na Microsoft. Nodi tatu, yaani mashine tatu, za Kubernetes, mfumo wa kuendesha programu juu ya mashine nyingi: kubeadm, chombo cha kuusimika, inadai angalau GB 2 kwa kila nodi, lakini zipe GB 4 kila moja zisije zikakusumbua, hivyo GB 12. Hifadhidata ya PostgreSQL, GB 4. Ukuta wa moto wa OPNsense, GB 2. Haipavaiza yenyewe, yaani programu inayobeba mashine zote hizi, iachie GB 2. Jumla ni GB 28. Ongeza robo juu yake kwa yale usiyoyatarajia, unafika GB 35.

Karatasi hiyo imeshakujibu swali kubwa. GB 16 hazitoshi. GB 32 zitabana, lakini utafanya kazi. GB 64 zitakutosha kwa miaka. Kwa hiyo mashine yoyote ambayo ubao wake hauwezi kupokea zaidi ya GB 16 iondoe kwenye fikira zako, hata ikiwa na prosesa nzuri kiasi gani.

RAM inatangulia prosesa kwa sababu ya namna zinavyogawanywa. Kori ni sehemu ya prosesa inayofanya kazi. Mashine pepe nane zikipewa kori pepe mbili kila moja zinadai kori 16, lakini kwa muda mrefu huwa zimekaa tu zikisubiri kazi, kwa hiyo kori 6 halisi zinazihudumia kwa zamu bila shida. Kwa maabara, kugawa kori tatu au nne pepe kwa kila kori moja halisi ni jambo la kawaida. RAM haina zamu ya namna hiyo. Mashine pepe ikishashika GB 4 na kuzijaza, GB hizo zimekwenda. Kuna mbinu za kuokoa: keneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo, ina KSM, inayounganisha kurasa za kumbukumbu zinazofanana, na inasaidia kweli pale unapoendesha mashine nyingi za mfumo mmoja. Zichukulie mbinu hizo kama akiba, usizipangie bajeti.

Ikiwa kazi yako yote ni ya Linux, sehemu kubwa ya orodha yako inaweza kuwa kontena za LXC, yaani mifumo ya Linux iliyotengwa, badala ya mashine pepe kamili. Kontena zinatumia keneli moja na mwenyeji wao, kwa hiyo nyingi hutosheka na MB mia chache tu. Mwanafunzi mwenye GB 16 anaweza kufika mbali kwa njia hiyo.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya tokeni kabla ya kuuliza bei

Bei ya dukani unailipa mara moja. Stima utailipa kila mwezi, na maabara ni kitu kinachowaka usiku na mchana.

Hesabu yenyewe ni nyepesi: wati, mara saa 24, mara siku 30, gawanya kwa 1,000, unapata yuniti za mwezi. Ukijumlisha gharama ya mafuta, kodi na tozo nyingine zinazowekwa juu ya bei ya msingi, chukua Sh30 kwa yuniti kama kipimo cha kufanyia kazi, kisha weka kiwango chako halisi kutoka kwenye ujumbe wa tokeni zako.

Kompyuta ndogo ya ofisi inayokula wati 20 ni yuniti 14.4, yaani Sh432 kwa mwezi. Kompyuta ya kazi nzito inayokula wati 60 ni yuniti 43.2, Sh1,296. Seva ya rafu yenye prosesa mbili inayokula wati 150 bila kufanya kazi yoyote ya maana ni yuniti 108, Sh3,240. Tofauti kati ya ya kwanza na ya mwisho ni Sh33,696 kwa mwaka. Fedha hiyo ingekusaidia sana kununua RAM na diski.

Kuna mtego mwingine ndani ya hesabu hiyo. Kenya Power hutoza wateja wa nyumbani kwa madaraja: walio chini ya yuniti 30 kwa mwezi, walio kati ya 30 na 100, na waliovuka 100, ambao bei yao kwa kila yuniti iko juu. Seva ya yuniti 108 inakuvusha mpaka huo peke yake, kabla hujawasha taa, friji wala pasi, na kuanzia hapo friji na pasi navyo vinalipiwa kwa bei ya juu. Wanaokaa kwenye nyumba za sub-mita wana hesabu yao: huko bei ya yuniti ni ile iliyowekwa na mwenye nyumba, na mwenye nyumba ataona mita inavyokimbia.

Hatua ya 3: Chagua umbo la mashine

Kwa mtu wa kawaida anayekaa kwenye nyumba ya kupanga, pendekezo langu ni kompyuta ndogo za ofisi zilizotumika, zile ambazo madukani hapa zinaitwa ex-UK. Dell OptiPlex 7060 Micro, HP EliteDesk 800 G4 Mini, Lenovo ThinkCentre M720q na M920q ni za kizazi kimoja, zina ukubwa wa kitabu kinene, feni yake huisikii ukiwa chumba cha pili, na zikiwa zimetulia hula wati kati ya 10 na 20. Zina sehemu mbili za RAM ndogo ya aina ya laptop, sehemu ya diski ya M.2, ile nyembamba inayolala kwenye ubao, na nyingine ya inchi 2.5. Lenovo hizo mbili zina faida moja ya pekee: ndani kuna nafasi ya kadi ya PCIe ukiweka kipande cha kuiunganishia, kwa hiyo unaweza kuongeza kadi ya mtandao yenye milango minne.

Ukiwa na nafasi ya kutosha, kaka zao wakubwa wa umbo la SFF (kisanduku cha wastani) au mnara ni chaguo zuri vilevile. Wana sehemu nne za RAM, kwa hiyo unafika GB 64 kwa vijiti vya GB 16, na wanachukua diski kubwa ya inchi 3.5 ya kuwekea nakala za akiba. Wati zinapanda kidogo tu.

Kundi la tatu ni kompyuta za kazi nzito kama HP Z440 na Dell Precision T5810. Hizi hupokea prosesa za Xeon E5 v3 na v4, na Z440 ina sehemu nane za RAM. Ikiwa karatasi yako ya hatua ya kwanza ilisema GB 100 na kuendelea, hapa ndipo pa kuangalia, kwa sababu RAM ya seva iliyotumika kwa kawaida ni nafuu zaidi kwa kila GB. Utalipa kwa tokeni, lakini angalau utakuwa unalipia kitu unachokitumia.

Seva za rafu, kwa mfano Dell PowerEdge R720 na HP ProLiant DL380p Gen8, siziungi mkono kwa nyumbani, na sababu si stima na kelele tu. Prosesa zake ni Xeon E5 za toleo la kwanza na la pili, ambazo hazina AVX2, seti ya maagizo ya hesabu inayodaiwa na baadhi ya programu mpya. Red Hat Enterprise Linux 10, iliyotoka 2025, inadai prosesa za kiwango cha x86-64-v3, kinachojumuisha AVX2, yaani Intel ya kizazi cha Haswell cha 2013 au baada ya hapo. Rocky Linux 10 ni hivyo hivyo. Mtu anayejiandaa kwa mtihani wa Red Hat atakuwa amenunua chuma kizito kisichoweza kuwasha mfumo anaousomea. Kama lengo lako hasa ni kuzoea iLO na iDRAC (vyombo vya kusimamia seva kwa mbali) na kadi za RAID za kuunganisha diski, kwa ajili ya kazi ya kituo cha data, basi inunue, iwashe siku za mazoezi, na uizime ukimaliza.

Laptop nayo isidharauliwe. Lenovo ThinkPad T480 ina prosesa ya kizazi cha nane, sehemu mbili za RAM, mlango wa mtandao wa kebo na betri mbili, moja ndani na nyingine ya kuchomoa. Stima ikipotea inaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Angalia tu betri isiwe imevimba, na usiiweke juu ya godoro.

Raspberry Pi ni chombo kizuri kwa mambo mengine, ila prosesa yake ni ya ARM. Windows Server na mifumo mingi unayoisomea imejengwa kwa x86, aina ya prosesa za Intel na AMD, kwa hiyo haitakufaa hapa.

Hatua ya 4: Prosesa

Hapa sitakuweka muda mrefu. Tafuta Intel ya kizazi cha nane kwenda juu ukiweza. Hicho ndicho kizazi ambacho i5 ya mezani ilitoka kori 4 ikawa kori 6: i5-7500 ina kori 4, i5-8500 ina 6, na i7-8700 ina kori 6 na nyuzi 12, yaani kila kori inashika kazi mbili kwa pamoja. Herufi T mwishoni, kama i5-8500T, maana yake ni toleo la wati 35 badala ya 65, na ndilo linalokaa kwenye mashine ndogo. Upande wa AMD, Ryzen 5 PRO 4650GE ina kori 6 na nyuzi 12, unaipata kwenye ThinkCentre M75q Gen 2.

Kizazi cha sita na cha saba ni nafuu, na kuna sababu ya wazi. Windows 11 rasmi huanzia kizazi cha nane, na msaada wa Windows 10 ulikwisha tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo ofisi nyingi zinaziondoa. Kwako wewe utakayeweka Linux chini yake, upungufu huo si ugonjwa. i7-7700 yenye kori 4 na nyuzi 8 bado ni mashine ya maabara, mradi bei yake iwe imeshuka kweli.

Epuka Celeron na Pentium za zama hizo. Hazina AVX, mtangulizi wa AVX2, na hifadhidata ya MongoDB tangu toleo la 5.0 haiwaki bila AVX.

Vitu viwili lazima viwepo na viwashwe kwenye BIOS, yaani mipangilio ya ndani ya mashine kabla mfumo haujawaka: VT-x, au AMD-V kwa upande wa AMD, ambayo bila hiyo hakuna mashine pepe za maana, na VT-d, ambayo AMD huiita AMD-Vi au IOMMU, kama utataka kuikabidhi mashine pepe kadi halisi ya mtandao au ya picha. Kuanzia kizazi cha kumi na mbili Intel ilichanganya kori kubwa na ndogo kwenye prosesa moja. Linux inazimudu, ESXi, haipavaiza ya VMware, haizipendi. Kama unasomea VMware, baki na kizazi cha kumi kurudi chini.

Hatua ya 5: RAM, na makosa yanayouzwa pamoja nayo

DDR4 ziko za aina tatu zisizobadilishana. UDIMM ni ndefu, za kompyuta za mezani. SODIMM ni fupi, za laptop na kompyuta ndogo. RDIMM ni ndefu kama UDIMM, zinatoka kwenye seva, na hazifanyi kazi kwenye kompyuta ya kawaida ya ofisi hata zikiingia. Hizi za mwisho ndizo zinazouzwa kwa bei inayovutia, na muuzaji asiyejua atakuapia kwamba DDR4 ni DDR4. Soma kibandiko: kasi ikifuatiwa na herufi R, kwa mfano 2400T-R, ni ya seva. U ni ya mezani, S ni ya laptop.

Nunua vijiti vikubwa tangu mwanzo. Mashine yenye sehemu mbili ikijazwa GB 8 na GB 8, siku ya kupanda utavitoa vyote viwili. Anza na kijiti kimoja cha GB 32 ukiweza, kasi itapungua kidogo kwa kuwa njia moja ya kumbukumbu imebaki tupu, lakini njia ya kufika GB 64 iko wazi. Bei ya RAM ilipanda sana duniani kuanzia mwisho wa 2025, kwa hiyo mashine iliyokuja na GB 32 ndani yake inaweza kuwa na thamani kuliko inavyoonekana kwenye tangazo. Linganisha bei ya jumla, si ya mashine tupu.

RAM ya ECC, inayojisahihisha makosa, ni jambo jema, lakini kwa maabara ya majaribio usiilipie zaidi.

Hatua ya 6: Diski

Diski ya kuzunguka humudu maombi ya hapa na pale kama mia moja hivi kwa sekunde. Mashine pepe nane zikiamka pamoja baada ya stima kurudi, zote zinaisomba diski hiyo hiyo, na utakaa dakika nyingi ukitazama skrini. SSD ya SATA humudu makumi ya maelfu, na NVMe, SSD ya kasi zaidi inayopita njia ya PCIe, zaidi ya hapo. Kwa hiyo mashine pepe ziishi kwenye SSD, basi. Diski ya kuzunguka ibaki na kazi ya nakala za akiba na mafaili ya kusimikia mifumo.

Ukubwa unaofaa kuanzia ni TB 1. Mgawanyo ninaoupenda kwenye kompyuta ndogo ni huu: SSD ndogo ya SATA ya inchi 2.5 kwa haipavaiza, na NVMe ya TB 1 kwa mashine pepe. Siku utakapoharibu haipavaiza, na katika kujifunza utaiharibu, unaisimika upya bila kugusa mashine zako.

Angalia uvumilivu wa diski, unaoandikwa TBW, yaani terabaiti ngapi zinaweza kuandikwa ndani ya waranti. Samsung 870 EVO ya TB 1 imepewa TBW 600, na 870 QVO ya ukubwa huo huo imepewa 360, kwa kuwa QVO hutumia chembe za QLC zinazochakaa mapema. Haipavaiza huandika kumbukumbu zake mchana na usiku, na ukitumia ZFS, mfumo wa kupanga na kulinda mafaili diskini, maandishi huongezeka maradufu na zaidi. Chagua diski ya chembe za TLC, zinazovumilia kuliko QLC. Ukiwa na diski moja tu na RAM ya GB 32, LVM-thin, njia nyepesi ya kugawa diski, inatosha; ZFS hutaka RAM kwa ajili ya kashe yake, na faida zake kubwa huonekana diski zikiwa mbili.

Kabla ya kununua M.2, hakikisha sehemu iliyo kwenye ubao inapokea NVMe, kwa sababu M.2 ziko pia za SATA, na sehemu ya kadi ya Wi-Fi inafanana nayo kwa mbali.

Hatua ya 7: Mtandao

Wi-Fi haitakufaa, na hili linawashangaza wengi. Mashine pepe kila moja ina anwani yake ya MAC, yaani kitambulisho cha kadi ya mtandao, na ruta yako ya Wi-Fi hukubali anwani ya kifaa kilichojiunga nayo tu, kwa hiyo daraja la mashine pepe juu ya Wi-Fi kwa kawaida halipitishi kitu. Vuta kebo ya Cat 5e au Cat 6 kutoka kwenye ruta hadi mashine ilipo, hata kama ni kuipitisha ukingoni mwa ukuta kwa mita kumi.

Mlango mmoja wa gigabiti unatosha kuanzia. Kompyuta za ofisi za Intel mara nyingi zina kadi ya Intel I219, inayotambuliwa na kila haipavaiza. Ukiona Realtek, Proxmox, haipavaiza nitakayoipendekeza katika hatua ya 10, itaikubali, lakini ESXi haiji na draiva zake. Kwa mazoezi ya VLAN, yaani kugawa mtandao mmoja uwe kadhaa, swichi ndogo kama TP-Link TL-SG108E ina milango minane na inaelewa 802.1Q, kanuni ya VLAN. Ruta ya MikroTik hEX ni bora zaidi kwa anayelenga kazi kwenye kampuni za intaneti, maana MikroTik imeenea sana huko.

Kisha linganisha anwani ambayo ruta yako imepewa upande wa nje na ile inayoonekana ukiwa kwenye intaneti. Zikitofautiana, hasa ya ruta ikiwa kati ya 100.64.0.0 na 100.127.255.255, uko nyuma ya CGNAT, yaani wateja wengi mnashirikiana anwani moja ya nje, na kufungua mlango kwenye ruta hakutasaidia. Kuifikia maabara ukiwa kazini tumia njia ya siri (VPN) ya Tailscale, au WireGuard kupitia seva ndogo ya kukodi. Anayejaribu malipo ya M-Pesa atakutana na jambo hili siku ya kwanza: Daraja, mlango wa Safaricom wa kuunganisha programu, hutuma majibu kwenye anwani ya HTTPS inayofikika kutoka nje. Cloudflare Tunnel, inayopitisha maombi ya nje hadi kwenye mashine yako, inalitatua bila kubadili mtoa huduma.

Hatua ya 8: UPS, betri ya dharura

Tarehe 25 Agosti 2023 stima ilipotea karibu nchi nzima kwa saa nyingi. Hilo hutokea kwa nadra. La kila mara ni ile ya sekunde tatu, inayozima na kurudisha, na ndiyo inayovunja hifadhidata katikati ya kuandika.

UPS ndogo ya VA 650 kwa kawaida ina betri moja ya volti 12 na ampea-saa 7, yaani wati-saa 84, na kwa uhalisi utapata kama nusu yake. Kompyuta ndogo ya wati 25 pamoja na ruta na kisanduku cha faiba, tuseme wati 40 kwa pamoja, zitakaa takriban saa moja. Seva ya wati 150 itakaa kama robo saa tu. Chagua UPS inayorekebisha volti na yenye mlango wa USB, kisha simika NUT, programu inayozungumza na UPS, ili mashine pepe zizimwe kwa utaratibu betri ikishuka. Betri hizo ni za risasi na huchoka baada ya miaka michache. Nunua UPS ambayo betri yake inafunguka na inapatikana madukani Luthuli Avenue.

Hatua ya 9: Dukani

Zunguka kabla ya kulipa. Eksibisheni za Moi Avenue na mitaa ya karibu zina mashine hizi kwa wingi, na bei ya ghorofa ya tatu si ya ghorofa ya chini. Beba flashi yenye Ventoy, inayokuwezesha kuwashia mifumo kadhaa, ndani yake uweke Debian (Linux) ya kuwashia bila kusimika na Memtest86+ ya kupima RAM. Muuzaji anayekataa usiwashe flashi yako, mshukuru uende duka linalofuata.

Kwanza ingia BIOS. Mashine nyingi za ofisi huja zimefungwa kwa nenosiri la msimamizi wa zamani, na bila nenosiri hilo huwezi kuwasha VT-x wala VT-d. Ikiwa imefungwa, ifunguliwe mbele yako au uiache. Soma namba ya mashine kwenye BIOS uilinganishe na kibandiko cha nje. Kwa Dell, Service Tag hukuonyesha kwenye tovuti yao mashine ilitoka kiwandani na nini.

Kisha washa Debian. `lscpu` itakuonyesha prosesa na kama VT-x ipo. `dmidecode -t memory` itakuonyesha sehemu ngapi za RAM zipo na ubao unadai kupokea kiasi gani. `smartctl -a` kwenye diski ni ya lazima: kwa NVMe soma Percentage Used na Data Units Written, kwa SATA soma Power_On_Hours na Reallocated_Sector_Ct. Diski iliyosema SMART ni nzima lakini ina asilimia 90 za matumizi haistahili kuhesabiwa kwenye bei. Chomeka kebo ya mtandao. Acha Memtest86+ ipite angalau mara moja huku ukiendelea kuuliza bei za RAM duka la jirani, kama muuzaji ni mtu wa kuaminika.

Adapta ya kompyuta ndogo ichunguze kama unavyoichunguza mashine. Dell hutambua adapta isiyo yake na hupunguza kasi ya prosesa, na dalili pekee utakayoiona ni mashine nzito isiyoeleweka. Diski na flashi mpya zenye ukubwa mkubwa kwa bei ndogo zipime kwa `f3`, kwa sababu kuna zinazodanganya ukubwa.

Lipa kwenye till yenye jina la duka, usilipe kwenye namba ya mtu binafsi, na risiti iandikwe namba ya mashine pamoja na muda wa waranti. Kwa matangazo ya mtandaoni, usitume hata amana kabla mashine haijawaka mbele yako.

Hatua ya 10: Siku ya kwanza nyumbani

Fungua mashine, puliza vumbi, badilisha betri ya CR2032 na upake upya dawa ya joto kwenye prosesa ikiwa ile ya zamani imekauka. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari na hewa yake ni nyepesi; watengenezaji wa seva hupunguza kiwango cha joto kinachoruhusiwa kwa takriban nyuzi joto 1 kwa kila mita 300 hivi za kupanda. Baridi ya Julai itakusaidia, kabati la nguo lililofungwa halitakusaidia mwezi wowote.

Kwenye BIOS, weka mashine ijiwashe yenyewe stima ikirudi. Washa VT-x na VT-d.

Kwa haipavaiza, weka Proxmox VE. Imejengwa juu ya Debian, inaendesha mashine pepe za KVM (teknolojia ya mashine pepe ya Linux) na kontena za LXC, na ni bure. Broadcom, iliyoinunua VMware Novemba 2023, iliondoa ESXi ya bure mwanzoni mwa 2024 na kuirudisha 2025, kwa hiyo ESXi isimike ikiwa mwajiri wako anaitumia, na unaweza kuisimika ndani ya Proxmox kama mashine pepe. Kwa mashine pepe za namna hiyo, na kwa RHEL 10, badilisha aina ya prosesa kutoka ile ya kuanzia ya x86-64-v2-AES uweke `host`. Kwa njia hiyo hiyo unaweza kuunda klasta ya nodi tatu za Proxmox ndani ya kompyuta moja, ukaivunja na kuijenga upya mara nyingi utakavyo, bila kununua kompyuta ya pili wala ya tatu.

Kabla hujaanza kusimika vitu, soma mita, acha mashine iwake siku nzima ikiwa peke yake na ruta wakati mko safarini au vyombo vingine vimezimwa, kisha soma tena. Yuniti hizo zidisha kwa 30, na uziandike kwenye karatasi ile ile yenye orodha ya mashine pepe zako.